Cheo Hakifuti Deni la Saa

Yapo madeni ambayo aibu humshika mdai badala ya mdaiwa. Deni la saa za ziada ni mojawapo. Mtu amekaa kazini mpaka usiku wiki nzima, mwisho wa mwezi anafungua hati yake ya mshahara, anaona tarakimu ileile ya siku zote, anaikunja na kuitia mfukoni. Akiuliza ataonekana anapenda hela kuliko kazi. Ataambiwa kampuni ni familia moja, wenzake hawajalalamika, kipindi ni kigumu. Na kwa kuwa wengi wetu tumelelewa kumheshimu mkubwa na kutomwekea hesabu aliyetupa riziki, anaona heri anyamaze.

Kazi yangu ni mishahara, na ukimya huo nimeuona kwa watu wa kila namna: madereva, wapishi, makarani, wauguzi wa zahanati binafsi. Umenifikisha mahali pa kuamini kwamba ovataimu haipaswi kusubiri kudaiwa. Anayeidai mara nyingi ndiye mwenye nafasi ndogo kuliko wote ya kufungua mdomo. Kwa hiyo wajibu uko kwa mwajiri, na kwa sisi tunaokaa na kikokotoo siku za mwisho wa mwezi, tukishika mikononi saa ambazo watu wengine wameshazitumia na hawatazipata tena.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, haina maneno mengi juu ya jambo hili. Saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku wala 45 kwa wiki, na siku za kazi zisizidi 6 katika wiki. Kinachovuka hapo ni saa za ziada, na kila saa ya ziada hulipwa angalau mara moja na nusu ya mshahara wa msingi wa saa. Kazi ya siku ya mapumziko ya wiki au ya sikukuu ya umma hulipwa mara mbili. Kazi ya usiku, ambayo kisheria ni kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, ina nyongeza ya asilimia 5 kwa kila saa, na ikiwa saa hiyo ni ya ziada pia, asilimia 5 hukokotolewa juu ya kiwango cha saa ya ziada. Zanzibar ina sheria yake ya ajira, ya mwaka 2005. Wanajeshi, polisi, magereza na Jeshi la Kujenga Taifa hawamo kabisa katika sheria hii ya Bara.

Hayo wengi wanayajua, walau kwa kusikia. Kisichojulikana ni mahali pesa inapopotelea, nako ni kwenye swali linaloonekana dogo: saa moja ya mtu huyu ni shilingi ngapi?

Chukua mfanyakazi mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 390,000 kwa mwezi. Jedwali la kwanza la sheria linaagiza mshahara wa mwezi ugawanywe kwa 4.333 ili kupata wa wiki, kwa sababu mwaka una wiki 52 na miezi 12. Wa wiki nao ugawanywe kwa saa za kawaida za wiki. Kwa wiki ya saa 45, mwezi unakuwa na saa 195 hivi. Gawanya 390,000 kwa 195, unapata shilingi 2,000 kwa saa. Saa yake ya ziada basi ni 3,000. Ikiangukia usiku, ni 3,150.

Sasa nenda kwenye ofisi ambako mtu ameamua kwamba mwezi una siku 26 za kazi na kila siku ina saa 9. Atagawanya kwa 234. Saa inashuka mpaka shilingi 1,667 kasoro, na saa ya ziada inakuwa 2,500. Hakuna aliyeiba. Hakuna aliyegoma kulipa. Hati ya mshahara ina mstari ulioandikwa malipo ya ziada, na mfanyakazi anashukuru. Ila kila saa yake imekatwa shilingi 500, na kwa saa 50 ni shilingi 25,000, pesa ya sare ya mtoto. Kosa liko kwenye ile 234: siku 6 za saa 9 ni saa 54 kwa wiki, ambazo sheria haizitambui kuwa saa za kawaida. Kenya, chini ya amri yao ya jumla ya mishahara, wiki ya kawaida ni saa 52, na mshahara wa mwezi hugawanywa kwa 225. Zidisha 52 kwa 4.333 utaona 225 ilikotoka. Kila namba ya namna hii ina mantiki yake, na anayeibadilisha kwa mazoea tu, bila kuuliza, anahamisha pesa kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine.

Watu hudhani ile nusu ya juu ni zawadi ya kumtia moyo mfanyakazi. Ilikuja kwa sababu nyingine. Mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Washington mwaka 1919, uliweka saa 8 kwa siku na 48 kwa wiki viwandani, ukataka muda wa ziada ulipwe si chini ya mara moja na robo. Marekani ilipotunga sheria yake ya mwaka 1938, katikati ya ukosefu mkubwa wa ajira, iliweka moja na nusu, na fikra yake ilikuwa bayana: kama saa ya ziada ni ghali, mwajiri atafikiri mara mbili kabla ya kumchosha mtu mmoja, na huenda akaajiri wa pili. Bei ile iliwekwa iume. Mwajiri anayesema ovataimu inamuumiza amesema kweli, na maumivu hayo ndiyo yanayomkumbusha kwamba anachoomba ni jioni ya mtu, chakula cha watoto wake, usingizi wake.

Ndiyo maana pia sheria yetu haikuishia kwenye pesa. Saa za ziada zinahitaji makubaliano. Haziruhusiwi kuzidi 50 katika kila wiki nne. Siku ya kazi, pamoja na ziada yake, isipite saa 12. Kati ya kutoka kazini na kurudi pawe na saa 12 za kupumzika mfululizo, na kila wiki iwe na saa 24 za mapumziko. Aliyefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo apewe dakika 60 za kupumzika. Haya hayauzwi. Najua makubaliano ya mtu aliyekaa mwaka mzima akitafuta kazi ni makubaliano dhaifu, atatia saini chochote. Na nadhani waliotunga sheria walilijua hilo, wakaweka dari ambalo saini haiwezi kulivunja.

Nalo dari hilo ndilo linalovunjwa kila siku mbele ya macho yetu, getini.

Mlinzi anayeingia saa 12 jioni na kutoka saa 12 asubuhi, siku 6 kwa wiki, ana saa 72. Ukitoa 45, saa za ziada ni 27 kwa wiki, na kwa wiki nne ni 108. Sheria imesema 50. Mlinzi huyo hata akilipwa kila senti, pamoja na asilimia 5 za usiku, mwajiri wake bado amevunja sheria, kwa sababu mwili wa mtu umeshapitishwa mpaka wake. Atakayesema saa moja ya chakula itolewe, aeleze kwanza mlinzi aliye peke yake anakulia wapi. Sheria inakubali kwamba kazi isiyoweza kuachwa bila mtu inaweza kumnyima mfanyakazi mapumziko yake, ila muda huo ambao anatakiwa kuwa kazini au kuwa tayari kwa kazi, alipwe. Anayekula wali wake huku jicho liko kwenye lango yuko kazini.

Mpango halali upo. Kwa makubaliano ya maandishi, mfanyakazi anaweza kufanya kazi hadi saa 12 kwa siku, muda wa chakula ukiwemo, bila kuhesabiwa ziada kwa siku hiyo, mradi siku zisizidi 5 kwa wiki, saa za kawaida zisizidi 45 na za ziada zisizidi 10. Kampuni ya ulinzi inayotaka zamu za saa 12 ina njia hiyo. Inamgharimu mwajiri walinzi zaidi kwa kila lindo, basi. Mteja naye, yaani sisi wenye maduka na nyumba zenye geti, itabidi akubali kwamba bei ya ulinzi aliyokuwa akiisifia kuwa nafuu ilikuwa nafuu kwa sababu mtu mwingine alikuwa akiilipia kwa usingizi.

Mlinzi mmoja mtu mzima alinionyesha daftari lake la matukio. Lilikuwa daftari la kawaida la mistari, jalada limelainika kwa jasho la mikono, na kila ukurasa mwandiko ulikuwa uleule: «Saa 12:00 asubuhi. Nimekabidhi lindo, hali ni shwari.» Asubuhi ile, saa 12:00 ilikuwa imepita kitambo, na mwenzake ndiyo kwanza alikuwa anashuka kwenye bodaboda.

«Shikamoo mzee. Mbona umeandika saa 12 kamili na sasa hivi inakaribia saa 1 kasorobo?»

«Marahaba mwanangu. Nikiandika ile yenyewe, supavaiza atauliza kwa nini mwenzangu kachelewa. Na mwenzangu anatoka mbali, ana watoto wa kuwapeleka shule. Tunabebana.»

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lilikuwepo, lenye mistari na tarehe, na mali ikapotea vilevile. Dakika 40 kila asubuhi, siku 6, ni saa 4 kwa wiki, na zilipotelea kwenye huruma ya wafanyakazi wawili waliokuwa wanalindana wasiadhibiwe. Siwezi kuwalaumu. Lawama ni ya mfumo unaopokea «saa 12 kamili» kila siku ya mwaka bila kushtuka. Katika maisha ya kweli hakuna mtu anayefika kazini saa 12 kamili kila siku ya mwaka. Orodha ya mahudhurio isiyo na dakika hata moja ya kuchelewa wala kuzidi ni orodha iliyoandikwa kumridhisha mtu, na anayeandaa mishahara akiipokea hivyo anajua, au anapaswa kujua. Kumbukumbu za malipo mwajiri anatakiwa kuzitunza kwa miaka 5 baada ya mfanyakazi kuondoka. Kutunza karatasi za uongo kwa miaka 5 hakumsaidii mtu yeyote.

Kuna mlango mwingine ambao saa hupotelea, nao hupambwa kwa pongezi. Ni cheo.

Mhudumu wa hoteli, mwenye ule mshahara wa 390,000, amezoea kufanya saa za ziada 30 kwa mwezi. Hizo ni shilingi 90,000. Siku moja anaitwa ofisini, anapewa barua: kuanzia mwezi ujao yeye ni supavaiza wa zamu, na mshahara unapanda kwa 40,000. Wenzake wanampongeza, mama yake nyumbani anashukuru Mungu. Mwisho wa mwezi anakuta saa zake ni zilezile, pengine zimeongezeka maana sasa ndiye anayefunga stoo, lakini mstari wa ovataimu haupo. Amepanda cheo akashuka shilingi 50,000. Nimewahi kumsikia mmoja wao akieleza mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayetaka kuonekana ameridhika: «Dada, mimi siku hizi ni uongozi. Uongozi hauna ovataimu.»

Nani alisema? Sheria inasema sehemu yake ya saa za kazi haimhusu mfanyakazi anayesimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri, na ambaye anaripoti moja kwa moja kwa mfanyakazi wa menejimenti ya juu. Soma tena ile «na». Ni masharti mawili, na yote mawili lazima yatimie. Na huyo wa menejimenti ya juu, sheria ileile inamweleza mahali pengine kuwa ni mtu ambaye kwa nafasi yake hutunga sera na anaweza kuingia makubaliano ya pamoja na chama cha wafanyakazi kwa niaba ya mwajiri. Supavaiza wetu anaripoti kwa meneja wa mgahawa. Meneja wa mgahawa anaripoti kwa meneja mkuu, mwenye kutunga sera. Kwa jinsi ninavyoisoma sheria, meneja wa mgahawa yuko nje ya hesabu ya saa. Supavaiza yumo ndani, pamoja na beji yake, pamoja na barua yake ya pongezi, na ovataimu yake anaidai.

Halafu kuna wanaoachwa nje kwa sababu ambazo sheria haikuzitaja kabisa. «Huyu ni mhasibu, ni mtaalamu.» «Huyu ana digrii.» «Huyu mshahara wake ni mkubwa.» «Huyu ni dereva wa bosi, yeye hana saa.» Nadhani mawazo haya mengine yametufikia kupitia miongozo ya Marekani, maana huko ndiko kuna msamaha wa watendaji, wa watumishi wa utawala na wa wataalamu, unaotegemea majukumu pamoja na mshahara usiopungua dola 684 kwa wiki. Mwaka 2024 serikali yao ilijaribu kukipandisha kiwango hicho, na Novemba mwaka huohuo mahakama ya shirikisho huko Texas ikaifuta kanuni. Ni mjadala wao, na hata wao kanuni zao zinasema wazi kwamba jina la cheo peke yake halitoshi kumnyima mtu ovataimu. Ndugu zetu wengi walioko huko, wanaohudumia wazee na kulipwa kwa saa, wanapopita saa 40 za wiki wanadai moja na nusu yao kwa kujiamini ambako hapa kungeitwa ujeuri. Kwetu sisi Bara, shahada haimtoi mtu katika hesabu ya saa, wala mshahara mnono, wala kumwendesha bosi.

Msamaha wenyewe ni mkongwe kama sheria. Ule mkataba wa 1919 nao uliwaacha nje wenye nafasi za usimamizi na uongozi na wanaofanya kazi za siri za mwajiri. Sababu yake inaeleweka: mtu anayejipangia muda wake mwenyewe, anayeweza kusema leo natoka mapema, hahitaji sheria imhesabie dakika. Uhuru huo ndio ulikuwa malipo yake. Hivyo swali la kumuuliza anayetaka kumtoa mtu kwenye ovataimu ni hili: umempa uhuru huo? Januari 2008 Mahakama ya Wilaya ya Tokyo ililijibu katika kesi ya meneja wa mgahawa wa McDonald's. Aliajiri vibarua, alipanga zamu, alifungua na kufunga, jina lake lilikuwa meneja. Lakini sera ya biashara hakuigusa, na kwa kuwa zamu zikikosa mtu ni yeye aliyeziba, muda wake haukuwa wake. Mahakama ikasema huyu si meneja kwa maana ya sheria, ikaamuru alipwe takriban yeni milioni 7.5. Wajapani walikuwa na jina lao la kuwaita watu kama yeye, mameneja wa jina tu. Hatuna haja ya kwenda Tokyo kuwatafuta.

Tena hapa kwetu anayetolewa hapotezi ovataimu tu. Sehemu nzima ya saa za kazi inamwondokea: mapumziko ya dakika 60, saa 12 za kupumzika kati ya siku na siku, siku ya mapumziko ya wiki, malipo mara mbili ya sikukuu, asilimia 5 za usiku. Hubakiwa na likizo, maana hiyo iko sehemu nyingine ya sheria. Ukilitazama hivyo, kumwita mtu meneja ni jambo zito. Unamwambia kwamba kuanzia leo sheria haitamlinda na uchovu, atalindwa na wewe. Kwa hiyo aliye nje ya hesabu kihalali, kama yule meneja wa mgahawa wa hoteli anayemsimamia supavaiza wetu, bado ana haki juu ya mwajiri wake, ingawa haimo kwenye jedwali lolote. Akikesha kwa sababu ya mkutano wa kimataifa, apewe siku zake za kupumzika bila kuombaomba. Asipigiwe simu Jumapili kwa jambo la Jumatatu. Sheria ilipojitoa hapo ilidhani imewaacha watu wazima wawili wanaoheshimiana.

Nimesikia pia hoja ya mwajiri mdogo, na siidharau. Mwenye duka la dawa au karakana ya kuchomelea, mwenye wafanyakazi watatu, anasema akilipa ovataimu atafunga. Wapo wanaosema kweli. Jibu ninalowapa ni kwamba funga saa 11 jioni. Panga zamu mbili fupi. Sheria haimlazimishi mtu yeyote kuwa na saa za ziada. Inamlazimisha kuzilipia akizitumia. Na dharura ya kweli, bomba limepasuka, mashine imeungua, ina nafasi yake katika sheria, baadhi ya vikwazo vya saa hulegezwa kwa kazi isiyoweza kusubiri. Lakini dharura inayokuja kila Ijumaa ni ratiba mbaya.

Lililobaki linanikera zaidi, na ni la siku. Mgogoro wa malipo unaopelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi unatakiwa ufike ndani ya siku 60 tangu ulipotokea. Aliyechelewa anaweza kuomba aongezewe muda, kwa sababu ya msingi. «Niliona haya» haijulikani kuwa sababu ya msingi. Mtu anavumilia mwaka mmoja, miwili, akingoja siku atakayoondoka ndipo aseme yote, na siku hiyo inakuta sehemu kubwa ya deni imeshazeeka. Adabu yake ndiyo iliyomla. Sheria inamtaka mwajiri abandike mahali pa wazi tamko la haki za mfanyakazi, na ningependa kuona zile karatasi zikining'inia karibu na mahali watu wanaposaini mahudhurio, kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka, na hesabu ya saa moja ikiwa imefanywa kwa mfano wa mshahara wa mle ndani. Hapo kuuliza kunakuwa kitu cha kawaida, kama kuuliza salio la nauli.

Kila mwezi, kabla mishahara haijapelekwa benki, kuna usiku mmoja au miwili ambapo taa ya chumba cha uhasibu inabaki inawaka. Karani wa mishahara yumo, na chai iliyopoa, akilinganisha mahudhurio na orodha, akiwapigia wakuu wa idara simu kuulizia saa ambazo hazikuletwa. Anaandika ovataimu ya madereva, ya wapishi, ya walinzi. Yake haiandiki, kwa sababu yeye ni mtu wa ofisi. Hasimamii mfanyakazi yeyote. Anaripoti kwa mhasibu mkuu, ambaye anaripoti kwa mkurugenzi. Amekaa toka saa 2 asubuhi na sasa ni saa 3 usiku, amekula mezani kwake huku anafanya kazi, kwa hiyo ile saa ya chakula nayo ni ya kazi. Hizo ni saa 13. Tisa ni za kawaida na nne ni za ziada, kwa moja na nusu, ya mwisho ikiwa na asilimia 5 za usiku. Na ile ya 13 haikupaswa kuwepo kabisa, maana siku ya kazi inaishia kwenye 12. Aandike jina lake kwenye orodha, katika mstari wake, na mkuu wake aitie saini bila kumuuliza kwa nini.